Si mvivu, mkono ndio unaomsumbua

Kengele ya mapumziko inalia, darasa zima limemaliza kunakili kazi ya ubaoni, lakini yupo mtoto mmoja ambaye bado yuko mstari wa pili. Penseli ameishika kwa ngumi, karatasi imetoboka na jasho linamtoka. Shuleni anaitwa mvivu, nyumbani anaambiwa hana akili. Mara nyingine anachapwa, na akifika darasa la nne anaanza kutoroka.

Wazazi wengi wanamfahamu mtoto wa namna hii. Wasichofahamu ni kwamba yupo mtaalamu wa afya ambaye kazi yake ni kutafuta kwa nini mkono wa mtoto haufuati anachokitaka. Anaitwa mtoa tiba kwa vitendo.

Anafanya nini hasa?

Wengi humchanganya na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Huyo wa viungo hushughulikia zaidi nguvu za misuli, maungio na mwendo. Mtoa tiba kwa vitendo huanza na swali jingine: mtoto huyu anatakiwa kufanya nini kila siku, na ni kitu gani kinamzuia? Kazi za mtoto ni kucheza, kula, kuvaa, kwenda chooni na, akifika shule, kuandika na kutulia darasani.

Akiwa shuleni, haangalii mkono peke yake. Huangalia jinsi mtoto anavyokaa. Miguu ikining'inia kwenye dawati refu, mwili wote hutumia nguvu kujizuia usianguke na mkono hukosa utulivu. Tofali au kibao chini ya miguu huweza kumaliza tatizo hilo. Penseli nyembamba huzungushiwa kitambaa au kipande cha tyubu ya baiskeli ili vidole viishike vizuri. Mtoto anayeshtushwa na kelele huhamishwa kutoka mlangoni. Anayechoka haraka hupewa sentensi tatu badala ya kumi, au huruhusiwa kujibu kwa mdomo.

Huangalia pia choo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anaweza kuwa na akili nzuri kabisa, lakini akaacha shule kwa sababu hawezi kuchuchumaa na anaona aibu kujichafua mbele ya wenzake. Mti wa kushikilia uliofungwa ukutani unaweza kumrudisha darasani.

Tatizo hutoka wapi?

Sababu ni nyingi. Wapo waliochelewa kulia walipozaliwa, ubongo ukakosa hewa. Wapo waliopata manjano kali wakiwa wachanga. Katika maeneo ya malaria kama bonde la Rufiji, malaria ikipanda kichwani huweza kuacha udhaifu wa mkono, matatizo ya kuongea au ugumu wa kujifunza, hata kama mtoto amepona homa. Degedege si mambo ya mashetani. Mtoto aliyewahi kulipata anastahili kufuatiliwa hata baada ya kutoka hospitali. Wapo pia wenye usonji, na wengine hakuna sababu inayoonekana.

Ila kutumia mkono wa kushoto si ugonjwa. Mtoto anayelazimishwa kwa fimbo kuandika kwa kulia hurudishwa nyuma bila sababu.

Utampata wapi?

Nchini Marekani, tangu sheria ya mwaka 1975, tiba hii imo katika huduma ambazo mtoto mwenye ulemavu anaweza kupewa shuleni. Tanzania inao wataalamu waliosomea nyumbani, kwani KCMC mjini Moshi hufundisha fani hiyo, lakini wengi hufanya kazi katika hospitali kubwa. Kumkuta katika shule ya serikali ni nadra.

Kwa hiyo mzazi wa Ikwiriri aanze karibu. Zungumza na mwalimu wa darasa, kisha mwalimu mkuu, na uliza kuhusu afisa elimu maalumu wa halmashauri. Mpeleke mtoto kituo cha afya apimwe macho na masikio kwanza, maana asiyeona ubao hawezi kuunakili. Ukihitajika uchunguzi zaidi, omba rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya Utete, na kutoka huko Tumbi mjini Kibaha, Muhimbili au CCBRT jijini Dar es Salaam.

Safari ya Dar ni zaidi ya kilomita 150 na nauli si ndogo. Ndiyo maana siku ukifika, usirudi na dawa pekee. Muombe mtaalamu akuandikie karatasi ya maelekezo kwa ajili ya mwalimu: akae wapi, aandike kiasi gani, asaidiwe vipi. Karatasi hiyo itafanya kazi darasani kila siku, wakati mtaalamu yuko mbali.

Mazoezi yako jikoni

Vidole huimarika kwa kazi, na kazi za nyumbani zipo. Mpe mtoto achambue mchele, akamue tui, akamue nguo za kufua, afinyange udongo, asuke ukili, afunge vifungo vyake mwenyewe. Kucheza bao humfundisha kuokota kete kwa ncha za vidole na kuhesabu kwa wakati mmoja. Dakika 15 kila siku zinatosha kuanzia. Usimfanyie kila kitu kwa huruma, na usimcheke akichelewa.

Haki yake

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma sawa na wengine. Baraza la Mitihani nalo huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini lazima shule iwe imetoa taarifa zake mapema. Usisubiri darasa la saba.

Wiki hii fungua daftari la mwanao. Tazama mwandiko, kisha kaa naye umwone anavyoandika: ameshikaje penseli, anakaaje, anachoka baada ya mistari mingapi. Andika ulichokiona na umpelekee mwalimu wake.