Gari linateleza kwenye mvua? Soma tairi kabla hujanunua shokapu

Masika yakianza, maswali yanayoingia kwenye simu yangu huwa ya mafua, kuhara na malaria. Wiki hii mama mmoja wa Mbagala ameleta la aina nyingine. Ana Vitz ya mwaka 2002 anayowapelekea watoto wawili shule. Mvua ikinyesha, gari linateleza: akikata kona nyuma panacheza, akikanyaga breki linapitiliza. Fundi amemwambia anunue shokapu zote nne. Anauliza, atoe hiyo hela?

Kama unaona swali hili limekosea ukurasa, kumbuka kwamba kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), majeraha ya ajali za barabarani ndiyo yanayoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani.

Nilimuuliza kitu kimoja: fundi alipima nini? Hakupima. Alilizunguka gari mara moja, akataja bei. Hospitali wakikupa dawa ya malaria bila kumtoboa mtoto kidole utalalamika, lakini gereji tunalipa na kushukuru.

Kinachoshika barabara ni tairi, na sehemu ya kila tairi inayogusa lami haizidi sana kiganja cha mtu mzima. Kazi ya shokapu ni kuhakikisha kiganja hicho hakirukiruki. Ndiyo maana uchunguzi unaanza kwenye tairi, na kipimo cha kwanza hakina gharama: upepo. Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo yake. Magari ya Japani yana kibandiko hapo. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka. Ukiona 230 kPa, kwa mfano, hiyo ni takriban psi 33. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata joto kipimo hupanda. Wajaza upepo wengi wa pembeni mwa barabara wana namba moja kwa kila gari, kuanzia Vitz hadi Noah. Usione aibu kumtajia ya kwako.

Halafu inama uangalie tairi limelikaje. Likilika kingo zote mbili, limekuwa likitembea na upepo mdogo. Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika upande mmoja tu, gari linahitaji alaimenti, na fundi akague bushi na boli jointi kabla ya kuipima, la sivyo utairudia. Ukipitisha mkono ukasikia mabonde mabonde, hapo ndipo shokapu zinaingia kwenye orodha ya watuhumiwa. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikishuka hadi usawa wake, zimebaki milimita 1.6 na tairi hilo limekwisha. Kwa mvua za kwetu nisingengoja lifike huko.

Sasa sehemu ambayo wengi hatuitazami. Pembeni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna namba nne. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata kashata zikiwa nzuri: unakuwa mgumu na unaacha kuing'ang'ania lami. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka likishatimiza miaka mitano, na likifika kumi litolewe, hata kama linang'aa.

Angalia pia kama limeandikwa STUDLESS. Hilo ni tairi la theluji, la majira ya baridi ya Japani. Huja na magari ya mtumba au huuzwa kama tairi la mtumba, na hupendwa kwa sababu kashata zake ni nene. Mpira wake ni laini, umetengenezwa kwa ajili ya baridi kali. Kwenye joto la Dar es Salaam unalika haraka, na kwenye lami yenye maji breki zinachelewa kushika.

Mama wa Mbagala alinitumia picha. Tairi zote mbili za nyuma ni STUDLESS, namba 4111. Zina umri mkubwa kuliko mtoto wake wa kwanza.

Shokapu nazo tulizipima. Bonyeza kona moja ya gari kwa nguvu, kisha achia. Likipanda na kutulia, si mbaya. Likiendelea kudunda, imechoka. Chungulia pia kama kuna mafuta yanayovuja kwenye mwili wake. Ya nyuma kulia inavuja. Kwa hiyo fundi hakukosea kabisa, ila ya kubadilisha ni mbili za nyuma (hubadilishwa kwa jozi), si nne, na zinasubiri tairi kwanza.

Hela yake inatosha tairi mbili mpya. Muuza tairi atataka kuzifunga mbele kwa kuwa ndiko kuna injini na usukani. Akatae, zifungwe nyuma. Mbele pakiteleza, dereva huhisi kwenye usukani na akipunguza mwendo gari hurudi. Nyuma pakiteleza, gari hugeuka lenyewe kabla hujajua, na nyuma ndiko watoto walikokaa.