Nyumba ya Wiki Mbili Ilivyomliza Mjomba

Wiki iliyopita nilikuahidi kuendelea na ile stori ya vijana wanaoazima viatu vya kwendea harusini. Naomba uniwie radhi, hiyo itasubiri. Wiki hii nina langu la moyoni, na ukinicheka sitakulaumu. Nimeyataka mwenyewe.

Unakumbuka msimu wa korosho wa 2024, bei ya mnadani ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo? Mtwara ilichangamka! Baa zilijaa, bodaboda mpya zikawa nyingi kuliko abiria. Mjomba wangu wa Nanyamba naye alivuta mshiko wake benki. Akanifuata mjini, akaniambia: "Mjomba, nataka kununua bati nimalize nyumba yangu. Lakini nimepewa hii karatasi, hebu nisomee."

Karatasi ilikuwa mwaliko wa semina kwenye hoteli moja maeneo ya Shangani. Soda bure, sambusa bure. Kijana mmoja aliyevaa tai, anayenukia kama duka la manukato, akatuonyesha picha za vibanda vya ufukweni, upande wa njia ya Msimbati. Mchongo wenyewe ulikuwa hivi: unalipa milioni tatu na nusu, unakuwa "mmiliki" wa wiki mbili kila mwaka kwa miaka 25. Usipokwenda kulala, kampuni inampangisha mtalii na kukutumia chako kwenye simu. Juu yake unalipa 150,000 kila mwaka ya matunzo. Ofa mwisho leo jioni!

Mjomba akanigeukia. Mkataba ulikuwa wa Kizungu, kurasa 11. "Wewe si umesoma?" akaniuliza. Nami, form four wa watu, nikafunua kurasa mbili tatu, nikatikisa kichwa kama hakimu, nikasema: "Safi, mjomba. Weka saini."

Aibu iliyoje! Hapo ndipo nilipomuingiza mjomba wangu mkenge.

Baada ya miezi kadhaa simu ya yule wa tai ikawa haipatikani. Tukakodi bodaboda, tukapita Madimba, tukafika. Tulikuta vibanda viwili vimekamilika, vingine ni nguzo tu zimesimama mchangani. Kwenye geti pana kufuli na tangazo la mnada. Kiwanja kilikuwa kimewekwa rehani kwa mkopo, na mkopo haukulipwa. Mlinzi akatuambia hata yeye anadai mishahara.

Cha kuchekesha, kama una moyo wa kucheka, wiki ileile mjomba alipata meseji ya kukumbushwa 150,000 ya matunzo! Matunzo ya nini? Kufuli?

Njia nzima ya kurudi mjomba hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Mjomba, sasa wiki zangu ziko wapi?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Nikautoa mkataba na kamusi, safari hii nikausoma mpaka mwisho. Neno "mmiliki" lilikuwa kwenye vipeperushi tu. Kwenye mkataba wenyewe hakuna. Kilichoandikwa ni kwamba kampuni inampa mteja haki ya kutumia kibanda. Ardhi ni ya kampuni, kibanda ni cha kampuni, kufuli ni la kampuni. Ya mjomba ilikuwa ahadi, na ahadi ya mtu aliyefilisika unaijua thamani yake.

Kampuni ikifilisika, foleni ya wanaodai ina utaratibu wake. Benki iliyoshika hati inakula kwenye mali ile aliyoishika. Mishahara ya wafanyakazi na kodi za serikali nazo zina nafasi yao mbele. Wewe mwenye karatasi ya wiki mbili, usiye na dhamana yoyote, unasimama nyuma kabisa na wenzako. Mara nyingi sufuria inakufikia ikiwa na ukoko tu.

Biashara hii ya kuuziana wiki haikuzaliwa Mtwara. Wazungu wameanza nayo tangu miaka ya 1960. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi ilianzishwa 1963. Wapo waliofaidi likizo zao vizuri tu. Lakini vilio vilikuwa vingi mpaka Umoja wa Ulaya ukaiwekea sheria mwaka 1994, kisha ukaikaza mwaka 2008. Huko mnunuzi ana siku 14 za kubadili mawazo bila kuulizwa kwa nini, na muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti kabla siku hizo hazijaisha. Sisi tuliambiwa mwisho leo jioni. Umeona tofauti?

Na usidhani ni washamba wa Nanyamba tu. Jirani zetu Kenya, tena wasomi wenye laptop, yaliwakuta. Watu walimimina hela Cytonn High Yield Solutions, mfuko uliokuwa ukiahidi faida hadi asilimia 18 kwa mwaka na kupeleka fedha kwenye ujenzi wa majumba. Oktoba 2021 mfuko ukawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, na madai yalikuwa zaidi ya shilingi bilioni 10 za kwao. Majengo yalionekana kwa macho. Ila wenye hela walikuwa wamekopesha, hawakuwa wamenunua nyumba. Kuona ghorofa si kuwa nalo!

Hapa Bongo nani kaisahau DECI? "Panda mbegu, uvune." Serikali iliifunga 2009, na 2013 Mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake. Waliopanda wengi hawakuvuna kitu.

Sasa wewe kijana mwenzangu unayetaka kipande cha ufukwe, nisikilize mimi niliyekwisha kuungua.

Kwanza, nenda ofisi ya msajili wa hati, lipa ada, fanya upekuzi. Utajua hati ni ya nani na kama imewekwa rehani. Laiti tungefanya hivyo, tungeiona benki imekaa pale inatusubiri. Kampuni yenyewe nenda kaipekue BRELA.

Pili, jua ardhi ile ina masharti gani. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Huwezi kuotesha hoteli pale kama uyoga, vibali vinatakiwa. Tena Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Zile nguzo tulizozikuta, mtoto angeweza kuzirushia jiwe akiwa ndani ya maji.

Tatu, uliza unapewa hati au haki ya kutumia tu. Tangu 2008 tuna sheria inayomwezesha mtu kuwa na hati ya sehemu yake ndani ya jengo. Hati kama hiyo ina jina lako kwa msajili. Anayekuuzia wiki bila hati anakuuzia uaminifu wake, basi mpime yeye kwanza.

Nne, uliza hela ya matunzo inakaa akaunti gani, na nani ataitunza kampuni ikianguka. Akianza kukuzungusha, kunywa soda yake, kula sambusa yake, uondoke.

Tano, na hili najiambia mwenyewe: ukiulizwa "wewe si umesoma?" na hujaelewa, sema hujaelewa. Wakili angetutoza hela kidogo sana kuliko milioni tatu na nusu.

Mjomba ameandikisha dai lake kwa mfilisi, karatasi imegongwa muhuri, tunasubiri. Nyumba yake ya Nanyamba upande mmoja una bati, upande mwingine una makuti. Kila nikilipwa hela ya safu hii nanunua bati mbili nampelekea. Mvua zilizopita zilimkuta chumba cha watoto bado.

Nikifika ananikaribisha vilevile, ananikaangia korosho. Lakini juzi mwanawe alileta barua kutoka shuleni, mjomba akaipokea, akaigeuza geuza. Zamani angenipa mimi nimsomee. Safari hii akamrudishia mtoto: "Soma wewe, mwanangu. Polepole."

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Stori ya viatu haijafa.