Risala ya Wakazi wa Pwani kuhusu Ununuzi wa Silaha na Ulinzi wa Nchi

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Bunge la Taifa ya Ulinzi, Ujasusi na Mahusiano ya Kigeni.

Waheshimiwa,

Sisi tunaoileta risala hii ni wakazi wa Mombasa, Kilifi na Lamu. Wamo miongoni mwetu wanajeshi wastaafu, wake wa askari walioko kazini, wazazi waliozika watoto wao, na wavuvi ambao hawapati riziki bahari isipokuwa salama. Jeshi la Kenya tunaliheshimu, na watoto wetu wamo ndani yake. Tunalolilalamikia ni jinsi jeshi hilo linavyonunuliwa vifaa, na ukimya unaofuata kila mara vifaa hivyo vinapochelewa, vinapoharibika au vinapoua wanaovitumia.

Tuanze na meli, kwa kuwa tunaiona ikitoka na kuingia Kilindini. Mwaka 2003 Serikali iliingia mkataba na kampuni ya Euromarine wa kuundiwa manowari moja kwa takriban shilingi bilioni 4.1. Meli iliundwa Uhispania, katika kiwanda cha Gondán. Kabla haijaletwa, kashfa ya mikataba ya usalama yenye shaka iliyojulikana kama Anglo Leasing ikalipuka, na mkataba huo ukajikuta katika orodha ya mikataba 18 ya usalama, yenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 56, ambayo Mkaguzi Mkuu aliichunguza mwaka 2006. Malipo yakasimama, mzozo ukaingia mikononi mwa mawakili, meli ikabaki ugenini. KNS Jasiri ilitia nanga Mombasa Agosti 2012.

Tazameni, Waheshimiwa, ni miaka gani hiyo iliyopotea. Kuanzia 2008 hadi 2011 maharamia wa Kisomali walikuwa wakiteka meli mbele ya milango yetu. Bima ya meli zinazokuja Mombasa ilipanda, na gharama hiyo ikaishia kwenye bei ya ngano na mafuta. Wavuvi wa Kiunga na Faza waliacha kwenda mbali. Septemba na Oktoba 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, wakavushwa Somalia kwa boti, na utalii wa Lamu ukaanguka kwa namna ambayo wenye hoteli na mabaharia wa majahazi wanaikumbuka hadi leo. Tarehe 16 Oktoba 2011 wanajeshi wetu wakavuka mpaka katika Operesheni Linda Nchi. Katika muda wote huo manowari kubwa kuliko zote tulizoagiza ilikuwa imefungwa kamba katika bandari ya watu wengine, ikisubiri watu wakubaliane nani alipwe kiasi gani. Ilifika majuma machache tu kabla ya vikosi vyetu kushuka Kismayu kutoka baharini, mwishoni mwa Septemba 2012.

Hatusemi Serikali ilikosea kusimamisha malipo yenye shaka. Kosa lilitendeka mapema zaidi, siku mkataba ulipotiwa saini bila macho ya kutosha kuupitia, na sababu iliyotolewa ya kuuficha ilikuwa usalama wa taifa. Mei 2014 Serikali ilitoa takriban shilingi bilioni 1.4 kuzilipa kampuni mbili za mikataba ya kundi hilohilo la Anglo Leasing, ili nchi iweze kukopa katika masoko ya nje. Mwananchi alilipa, na usalama alioahidiwa hakuupata.

Jambo la pili tulilishuhudia bandarini. Septemba 2008 maharamia waliiteka meli ya Kiukreni MV Faina ikiwa na vifaru 33 vya aina ya T-72. Serikali ilisisitiza kwamba vifaru hivyo ni vya Jeshi la Kenya. Nyaraka za mzigo zilikuwa na herufi ambazo wengi walizisoma kuwa ni Serikali ya Sudan Kusini ya wakati ule. Februari 2009, baada ya fidia kulipwa, meli ilifika Mombasa na vifaru vikashushwa mchana kweupe. Vilikwenda wapi? Kama vilikuwa vyetu, Bunge lilipaswa kuonyeshwa fungu la bajeti lililovinunua. Kama havikuwa vyetu, Bunge lilipaswa kuelezwa kwa nini jina la jeshi letu lilitumiwa. Maelezo rasmi yaliyokamilika hatujayapata.

Kuhusu ndege, tutasema kwa ufupi lile la Jordan na kwa kirefu lile la helikopta. Mwaka 2007 nchi iliafikiana na Jordan kununua ndege za kivita 15 aina ya F-5 zilizokwisha kutumika. Kununua mtumba si kosa, na nchi nyingi hufanya hivyo. Kosa ni kununua mtumba bila kuueleza umma hali yake, gharama ya kuutengeneza, na miaka uliyobakiwa nayo.

Helikopta ndizo zinazotuuma zaidi, kwa sababu hapo kuna makaburi. Juni 2021 helikopta ya Jeshi la Anga ilianguka Kajiado na kuua askari waliokuwa mafunzoni. Septemba 2023 nyingine, aina ya Huey, ilianguka Lamu ikiwa katika doria ya usiku. Tarehe 18 Aprili 2024 Huey nyingine ilianguka Sindar, Elgeyo Marakwet, ikamuua Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, pamoja na wenzake tisa. Huey ni aina iliyoruka kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1950. Hizi zetu zimefanyiwa ukarabati, hilo tunalijua, na wastaafu wa karakana walio miongoni mwetu wanathibitisha kwamba chombo cha zamani kinaweza kuwa salama kikipata vipuri halisi kwa wakati wake na fundi asiyeharakishwa. Swali letu ni kama hayo yalipatikana. Ikiwa Mkuu wa Majeshi mwenyewe hakuweza kuhakikishiwa chombo salama, mama wa koplo aliye katika msitu wa Boni ajipe moyo kwa lipi?

Na kuna El Adde. Alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wetu nchini Somalia ilivunjwa na Al-Shabaab. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, ikashambuliwa kambi yetu nyingine huko, ya Kulbiyow. Hadi leo umma haujapewa idadi rasmi ya waliokufa El Adde, wala ripoti ya uchunguzi haijachapishwa. Tunaliingiza jambo hili katika risala ya ununuzi kwa makusudi. Ripoti ya kushindwa ndiyo hati ya kwanza anayopaswa kuisoma anayepanga kununua. Humo ndimo mtu angejua kama kambi ilikosa droni za kuona mbali, kuta za kuzuia lori la mabomu, redio za kuita msaada, au helikopta za kuuleta msaada huo. Ikifungiwa kabatini, anayeamua jeshi linahitaji nini anabaki kuwa muuzaji.

Tunajua kwamba mwaka 2017 Wizara ya Ulinzi ilichapisha waraka wa sera ya ulinzi, na tuliupokea kwa furaha. Lakini sera bila orodha ya ununuzi inayotoka ndani yake haimlindi mtu. Adui aliyetusumbua Pwani kwa zaidi ya miaka kumi hutumia mabomu ya kutegwa barabarani, boti ndogo na msitu. Alishambulia Mpeketoni Juni 2014, akashambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay tarehe 5 Januari 2020. Dhidi ya adui wa namna hiyo, magari ya deraya ya kutosha katika barabara ya Kiunga na boti za doria zenye mafuta ni muhimu kuliko ndege ya kuonyeshwa siku ya gwaride. Nalo jeshi limezidi kubebeshwa kazi za kiraia, hata kukabidhiwa Tume ya Nyama mwaka 2020. Sisi hatuoni jinsi machinjio ya Tume hiyo huko Athi River yanavyomsogeza askari karibu na ushindi.

Kwa hiyo tunadai haya. Kila ununuzi mkubwa wa kijeshi upelekwe mbele ya Kamati hii kabla ya saini, katika kikao cha faragha pale panapobidi, pamoja na bei, jina la muuzaji, majina ya mawakala na kamisheni zao, na gharama ya vipuri kwa maisha yote ya chombo. Ibara ya 227 ya Katiba inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa uwazi, wa ushindani na wenye thamani ya fedha, na ibara ya 238 inaweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Mkaguzi Mkuu hana bunduki, ana kalamu tu. Apewe vitabu vyote, na ripoti zake zijadiliwe.

Ripoti ya mwaka ya Baraza la Usalama wa Taifa, inayotajwa katika ibara ya 240, iwe na sura ya vifaa: nini kiliagizwa, nini kimefika, nini kimekwama na kwa nini. Ripoti ya El Adde itolewe, mikakati ya vita ikiondolewa, majina ya waliofariki yakibaki. Helikopta zote za zamani zikaguliwe na wataalamu wasiofungamana na waliozinunua, na zisizofaa zisirushwe tena. Familia za waliokufa angani zielezwe sababu kwa maandishi, ana kwa ana, kabla hazijaisoma magazetini.

Hatuombi ramani za vita wala namba za siri. Maharamia na magaidi hawapati nguvu kwa kujua tulilipa shilingi ngapi. Wanaonufaika na giza hilo ni madalali.

Tunaomba risala hii isomwe katika kikao cha Kamati, na majibu yenu yaletwe hadharani, hapa Pwani, mbele ya wazazi na wajane wa askari.