Kazi ya Jirani Isifanywe Kimyakimya



Muhula uliopita, sisi wanachama tunaosoma kompyuta tuliandika programu ndogo ya Java ya kuazimisha vitabu vya chama. Haikupita muda, mwenzetu wa mwaka wa kwanza akaambiwa mbele ya watu kwamba anadaiwa vitabu viwili, ilhali alikwisha kuvirudisha. Alisononeka, nasi tuliona aibu. Kosa lilikuwa letu.

Tulikuwa na entiti tatu: Mwanachama, Kitabu na Uazimaji. Ndani ya Uazimaji tuliweka mbinu yenye alama ya @PreUpdate, ambayo huitwa yenyewe kabla ya badiliko kuandikwa kwenye hifadhidata. Humo ndimo tulimopunguza idadi ya vitabu anavyodaiwa Mwanachama. Tulifurahi: hakuna wa kukumbuka, programu itajikumbusha.

Kumbe Hibernate huiita mbinu hiyo wakati tayari inazikagua entiti moja baada ya nyingine kuona zipi zimebadilika. Ikiwa Mwanachama amekwisha kukaguliwa, badiliko lake linaachwa. Ikiwa bado, linaandikwa. Kwa hiyo hesabu ilitoka sawa kwa baadhi yetu na kuharibika kwa wengine, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea.

Maelezo rasmi ya Jakarta Persistence, iliyojulikana zamani kama JPA, yanashauri mbinu za aina hii zisiguse entiti nyingine wala kubadilisha uhusiano kati yao. Hatukuyasoma.

Maoni yetu ni haya. @PreUpdate itumike kwa mambo ya entiti yenyewe, kama kuweka tarehe ya badiliko la mwisho. Kazi inayomgusa jirani iandikwe waziwazi: mbinu moja, tuseme rudishaKitabu, ibadilishe zote tatu ndani ya muamala mmoja. Bora zaidi, idadi ya deni isihifadhiwe kabisa. Ihesabiwe kutokana na vitabu ambavyo havijarudishwa.

Wapo wenzetu wanaosema mtu atasahau kuiita mbinu hiyo. Ni kweli, anaweza. Lakini kosa hilo litaonekana kwa anayesoma msimbo. La kwetu lilijificha, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwenzetu tumemwomba radhi. Nawe ukiona unadaiwa kitabu ulichorudisha, usinyamaze. Tuambie.