Wanatupa Jiwe, Wananunua Picha Yake

Huku Masimba, nyumba mpya huanza kwa kubomoa ya zamani. Nafasi ya kuiacha nyumba kuukuu isimame pembeni haipo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, wastani wa watu 957 kwa kila kilomita mraba, na upande huu wa Nyaribari Masaba majani chai yamefika hadi mlangoni. Mtu hujenga pale pale baba yake alipojenga. Basi mwana akishapata pesa, iwe ya duka la Keroka, ya mshahara wa Nairobi au ya kutumwa kutoka Minnesota, ambako Abagusii wamejaa tele, kazi ya kwanza ni kuishusha nyumba ya mzee. Mabati yanapata mnunuzi kabla ya jua kutua. Mlango anapewa jirani mwenye kuku. Matofali na mawe ya msingi yanapakiwa kwenye trekta yakazibe mashimo ya njia.

Miezi michache baadaye lori linapanda mlima na shehena ya taili. Nyingine zimetoka viwanda vya Kajiado na Athi River, nyingine ng'ambo, na zinazopendwa sana siku hizi ni zile zenye sura ya jiwe. Kiwandani, mashine hunyunyizia wino juu ya udongo uliokandamizwa, ikachora jiwe lililoliwa na mvua, lenye nyufa na ukuvu, kisha taili ikachomwa. Fundi huzipanga ukutani nyuma ya televisheni, na wageni husifu. Ila akisogea mtu wa macho makali, ataona ufa ule ule ukijirudia kila baada ya taili kadhaa, na lile doa la ukuvu nalo limekaa pembe ile ile. Mwenye nyumba amelipa trekta limtupie jiwe, halafu amelipa lori limletee picha yake.

Hilo ndilo linalostahili kupingwa. Hakuna anayesema watu warudi kwenye nyumba za giza zenye madirisha ya kupitisha mkono tu. Nyumba kubwa yenye mwanga, maji ya bomba na jiko safi ni haki ya aliyeitolea jasho. Lakini ndani ya nyumba hiyo hiyo ukuta mmoja wa matofali ya mzee, au kizingiti cha jiwe lililotoka kwenye msingi wake, una thamani kuliko chochote kinachouzwa dukani kwa jina la ukale, na bei yake ni jasho la siku chache.

Mtindo wa kuingiza vikuukuu ndani ya nyumba umeshafika mijini. Pwani, mbao za majahazi yaliyochakaa zinageuzwa meza na vitanda, zikiwa bado na rangi zake na matundu ya misumari, na hoteli zinazigombania. China, msanifu Wang Shu alijenga Makumbusho ya Ningbo, yaliyofunguliwa 2008, kwa matofali na vigae vilivyookotwa katika vijiji vilivyobomolewa kupisha mji. Miaka minne baadaye alipewa Tuzo ya Pritzker, ile kubwa kuliko zote kwa wasanifu majengo. Mafundi wake walipanga vipande vya umri na rangi mbalimbali kwenye ukuta mmoja, kama wanavijiji wa sehemu ile walivyozoea kufanya kila dhoruba ilipowaangushia nyumba. Na Lamu, kabla ya majarida ya mapambo ya nyumba kuwako, kuta za ndani za nyumba za mawe za karne ya 18 zilikuwa na zidaka za chokaa, safu juu ya safu, za kuwekea vyombo vya kaure vilivyokuja na pepo kutoka China. Kupamba ndani kwa vitu vyenye umri si jambo la Wazungu.

Tatizo la mtindo ni kwamba unamfanya mtu wa Masimba aangalie simu aone kinachofaa, huku kinachofaa kiko chini ya kucha za kuku wake.

Tofali la zamani la Gusii ni kitu cha kutazamwa kwa makini. Lilifinyangwa kwa udongo mwekundu wa shamba lenyewe ndani ya kibao cha mbao, likaanikwa kivulini, likapangwa na wenzake kuwa tanuri, kuni zikasukumwa chini na nje kukakandikwa matope. Moto haukulifikia kila tofali sawasawa. La karibu na kuni lilitoka jeusi au zambarau, pengine na utelezi kama kioo. La katikati likatoka jekundu la kuiva. La nje likabaki na rangi ya chungwa, laini, la kukatika kwa ukucha. Mengine yana alama ya vidole vya aliyelitoa kwenye kibao. Kiwanda cha taili kinatumia kompyuta na wino kuigiza kutolingana huko.

Kuna bahati nyingine. Enzi hizo simiti ilikuwa ghali, kwa hiyo nyumba nyingi zilipandishwa kwa udongo kati ya tofali na tofali, simiti ikatumika nje tu kuziba viungo. Ukuta kama huo haubomolewi kwa nyundo. Unafunguliwa kuanzia juu, safu kwa safu, na kila tofali linakwanguliwa kwa ubapa wa panga na kupigwa brashi ya waya. Vijana wawili wenye subira wataokoa sehemu kubwa ya ukuta. Nyumba zilizojengwa kwa simiti tupu hazina huruma hiyo, kwani tofali hupasuka kabla kiungo hakijaachia.

Kuyachagua nako kuna ujuzi wake, wala hauhitaji maabara. Gonganisha mawili: yakilia kama chuma, yaweke upande, yakitoa sauti ya kibuyu, yana kasoro. Loweka moja usiku kucha. Likiamka na kingo zake zote, litafaa. Likiwa limeacha tope kwenye ndoo, lirudi bustanini. Madoa meupe ya chumvi yanayojitokeza usoni yapigwe brashi kavu, yasioshwe, maana maji huirudisha chumvi ndani na siku za jua ikatoka tena.

Na kuni za matofali haya zilishachomwa. Mtu akiagiza matofali mapya ya tanuri leo, mikaratusi mingine itaangushwa, mikaratusi ile ile inayosakwa na viwanda vya chai kwa kukaushia majani na kila jiko la kijijini. Simiti nayo haina usafi wa kujivunia: utengenezaji wake unakadiriwa kutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya kaboni inayozalishwa na binadamu duniani. Tofali lililokwisha kuiva halidai chochote tena.

Kisha kuna jiwe la kusagia. Karibu kila boma la zamani lilikuwa nalo, pana, lenye shimo lililochimbwa na mikono ya kina mama waliosaga wimbi alfajiri kwa miaka na miaka kabla posho mill haijafika sokoni. Leo limelala nyuma ya choo, kuku wakinywea maji ya mvua. Likisuguliwa na kusimamishwa sebuleni kwenye kona yenye mwanga, au kulazwa chini ya bomba la kunawia mikono, hakuna kitu cha dukani kitakachokaa kando yake. Lakini hapa heshima itangulie mapambo. Bibi akiwa hai aulizwe, na kama hayuko, waulizwe wazee wa ukoo. Wapo watakaosema jiwe hilo lina mwenyewe na lisisogezwe, na neno lao lifuatwe. Nyumba haitaanguka kwa kukosa jiwe moja.

Wasio na nyumba ya mzee ya kubomoa wana Tabaka. Huko South Mugirango ndiko linakotoka jiwe la sabuni la Kisii, jeupe, la waridi, la kijivu, lililowapa wachongaji jina hadi Paris, ambako sanamu ya Elkana Ong'esa ipo makao makuu ya UNESCO. Watalii hununua viboko na bakuli. Kinachobaki ni malundo ya vipande na masalio kando ya machimbo na nyuma ya vibanda, na hapo ndipo penye mali isiyoguswa. Sanamu ya Kristo Mkombozi kule Rio de Janeiro, iliyokamilika 1931, imevishwa vipande vidogo vya pembetatu vya jiwe la sabuni juu ya zege, na imesimama mvuani na upeponi karibu karne nzima. Ukuta wa bafu la Masimba hauwezi kuwa kazi ngumu kuliko hiyo. Vipande vya Tabaka vikipasuliwa vidogo, vikapangwa kwa rangi, vikasuguliwa kwa msasa wa maji na kupakwa nta, vinatoa ukuta ambao hakuna mwingine wa kufanana nao. Sakafuni visiwekwe: jiwe linalochongeka kwa kisu litachorwa na kila mguu wa kiti. Na anayelikata asilikate kavu. Vumbi lake huingia kifuani, hivyo maji yatiririke kwenye msumeno na barakoa iwe usoni.

Wapinzani wa jambo hili wana hoja, na ya kwanza ni uzito. Mita ya ujazo ya jiwe gumu ni kama tani mbili na nusu, kwa hiyo jiwe la unene wa sentimita 5 hutia kama kilo 125 kwa kila mita mraba ya ukuta. Ukuta wa chini wenye msingi wake utabeba. Ukuta mwembamba wa ghorofani, uliopangwa kubeba plasta na rangi tu, hautabeba, na hakuna gundi ya kuubadilisha. Huko juu jiwe lipasuliwe hadi sentimita 2, au liachwe.

Ya pili ni unyevu. Milima ya Gusii haikauki. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima na asubuhi za Julai huwa na baridi ya kuingia mifupani. Mafundi wengi wakishapanga matofali ya zamani hukimbilia kupaka vanishi ya kung'aa. Matofali yakifungiwa hivyo hubaki na maji yake ndani, na baada ya misimu miwili vanishi huanza kubanduka kama ngozi ya aliyeungua. Wanaokarabati Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wanalijua somo hili, ndiyo sababu wanashikilia chokaa kwa kuta za kale badala ya simiti. Chokaa huruhusu ukuta upumue. Ukuta wa matofali ndani ya sebule ya Masimba unahitaji viungo vya chokaa na mchanga, labda mkono mmoja wa chokaa nyepesi juu, na dirisha linalofunguka.

Ya tatu haina mjadala. Si kila kikuukuu kinastahili kuingia ndani. Nguzo za stima zilizong'olewa huuzwa kwa bei nafuu na zinavutia macho, lakini zimelowekwa dawa kali za kuzuia mchwa, na dawa hizo hazifai kwenye chumba anacholala mtoto. Mbao zenye rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Zisipigwe msasa mkavu jikoni. Na vigae vya asbesto vilivyofunika shule na nyumba nyingi za serikali visikatwe, visivunjwe, visigeuzwe mapambo ya aina yoyote.

Tena kuna ukale wa watu wote. Safari ya saa chache kutoka Masimba, kule Migori, ziko kuta za Thimlich Ohinga, zilizopangwa jiwe juu ya jiwe bila tone la udongo yapata karne ya 16, na zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Jiwe moja likibebwa kutoka kule ni wizi, hata likipambwa vipi. Milango ya Pwani nayo ina ulinzi wake: sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inauhesabu mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Dalali anayepita akiuza "mlango wa Lamu wa miaka mia" kwa bei ya kutupa ama anauza uongo ama anauza mali ya jamii, na mnunuzi wa Masimba hana sababu ya kumsaidia katika lolote kati ya hayo mawili.

Serikali za Kisii na Nyamira zingeweza kusaidia bila gharama kubwa. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinafundisha uashi. Kufungua ukuta bila kuuvunja, kuchagua matofali na kuchanganya chokaa ni masomo ya majuma machache. Uwanja mmoja wenye fensi karibu na Keroka, mji ambao kaunti zote mbili zinaudai, ungewapa vijana mahali pa kupokea, kupanga na kuuza mawe, mbao na matofali kutoka mabomani. Anayetaka kung'arisha nyumba yake yote kwa taili na jipsam angeuza vya mzee wake pale, na aliyekosa vya mzee wake angenunua.

Mpaka siku hiyo, kila kitu kinaamuliwa asubuhi ya kubomoa. Kwa desturi ya mafundi wengi, kinachoanguka ni cha mbomoaji, na ndiyo maana bei yake huwa ya chini. Mwenye nyumba aliyeko Minnesota anapigiwa simu kuambiwa kiwanja kiko safi, anafurahi, anatuma pesa ya msingi. Anayetaka vingine aandike kwenye mapatano, kabla ya nyundo ya kwanza, kwamba mawe ya msingi, matofali mazima, fremu na vizingiti ni vyake, vifunguliwe kwa mkono na vipangwe chini ya turubai. Fundi ataomba nyongeza ya siku tatu au nne za vibarua. Apewe.