Turubai ni tanga: somo la upepo wa Ngong kwa wajenga shedi za magari

Ukishuka stendi ya Ngong asubuhi na kuinua macho, utaiona mitambo ya upepo ya KenGen ikizunguka juu ya vilima. Ya kwanza ilisimikwa mwaka 1993 kwa msaada wa serikali ya Ubelgiji, na baadaye shamba lile likapanuliwa hadi uwezo wa megawati 25.5. Mitambo ile haikuwekwa pale kwa kubahatisha. Waliopima waliona kwamba Ngong kuna upepo wa kutosha kuwasha taa za watu.

Sasa teremsha macho uangalie chini ya vilima. Kuanzia Ngong hadi Kiserian, na ukivuka upande wa Kitengela, kila ploti ya kupangisha, kila kanisa, kila mahali pa kuosha magari na kila yadi ya kuuzia magari pana shedi ya turubai au neti juu ya mabomba ya chuma. Na shedi hizo tunazisimamisha kana kwamba upepo ule wa juu hautufikii huku chini.

Nasema "tunazisimamisha" kwa sababu nami nimo. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, lakini kazi ya kuchomelea vyuma ndiyo iliyonileta bara, na kwa miaka kadhaa sasa naishi Ngong. Nawaandikia ndugu zangu wa Pwani kwa sababu mafundi ni hao hao, shedi ni hizo hizo, na upepo wa kusi hauna huruma kuliko huu wa huku.

Kisa chenyewe ni hiki. Tulipewa kazi ya shedi ya magari katika ploti moja ya nyumba za kupanga: upana mita 6, urefu mita 15, turubai zito la plastiki lisilopitisha maji. Tulikuwa watu sita. Nguzo zilikuwa zimesimama, fremu imefungwa, limebaki turubai. Saa nane mchana mwenye ploti akaja akasema wapangaji wake wamechoka kusubiri, anataka kazi imalizwe siku hiyo. Foromani alikuwa ametoka kununua nati na bolti zilizopungua. Nikaona turubai si kitu, tukaanza bila yeye.

Upande mmoja tulikwisha kuufunga. Upande wa pili ulikuwa mikononi mwetu, watu wawili juu ya ngazi na wengine chini wakivuta kamba. Kijana mmoja akaniuliza, "Kaka, huu upepo hauzidi?" Nikamjibu, "Shika tu kamba, dakika kumi tumemaliza." Akaizungusha kamba kwenye kiganja ili isimponyoke. Upepo ukaja kwa ghafla kutoka upande wa vilima, turubai likajaa, likapanda, na yeye likapanda naye. Aliangukia ukingo wa saruji. Akavunjika mkono na nyonga.

Mwenye ploti alilipa gari la kwenda hospitali, akasema pole, na akasema ajali haina kinga. Nimeyafikiria sana maneno hayo. Ni methali yetu, na tunaipenda kwa sababu inatuondolea lawama sote kwa pamoja. Lakini tuiangalie ajali hii vizuri, ndugu msomaji, tuone kama kweli haikuwa na kinga.

Tuanze na hesabu. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unasukuma kila mita ya mraba ya kitambaa kilichoukabili kwa nguvu ya takriban kilo 6. Turubai letu lilikuwa mita za mraba 90. Likijaa lote, hizo ni kama kilo 540. Watu sita wazima wa kilo sabini kila mmoja hawafiki kilo 450. Maana yake, hata tungelining'inia sote, lingetubeba. Na kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ungelisukuma turubai lile kwa zaidi ya tani mbili.

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa inapotoa tahadhari ya upepo mkali, mara nyingi kiwango inachokitaja ni noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa. Tahadhari hizo hutolewa bure na husomwa redioni, na Pwani hutajwa mara kwa mara. Kwa turubai kama letu, noti 25 ni mzigo wa takriban kilo 900. Ni fundi gani asubuhi hufungua redio kusikiliza upepo kabla ya kubeba ngazi?

Marehemu babu yangu alikuwa baharia wa majahazi. Hakusoma hesabu hizi, lakini hangefanya tulichofanya. Kwake kitambaa kikubwa kilichofungwa kwenye mti kilikuwa na jina moja tu: tanga. Tanga hulitweki bila nahodha kusema, huliachi likiwa limefungwa upande mmoja, na kamba yake huizungushi mkononi hata siku moja, kwa sababu kamba ya tanga lazima uweze kuiachia. Sisi wajukuu tumechukua tanga tukaliita shedi, tukasahau yote aliyojua.

Sasa tuje kwenye sheria, maana hapa ndipo wengi tunapodanganyana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali mtu anapofanya kazi, pawe pa kudumu au pa muda. Ploti yenye shedi inayojengwa kwa siku tatu ni mahali pa kazi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka huo huo inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake, na mtu akifariki kazini fidia huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani kwa miaka mingi, hadi Mahakama ya Juu ilipoithibitisha Desemba 2019. Nayo Sheria ya Ajira ya 2007 inatambua mkataba wa mdomo. Kwa hivyo yule kijana tuliyemwita asubuhi kwa simu, bila karatasi, alikuwa mfanyakazi.

Lakini mwajiri wake alikuwa nani? Mwenye ploti anasema alimpa kazi foromani. Foromani anasema yeye ni fundi tu, pesa zote zimeishia kwenye mabomba. Mimi nasema nilikuwa nasaidia. Kila mmoja anamwonyesha mwenzake kidole, na aliyelala kitandani hana wa kumwonyesha. Wahenga walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Dau hili haliendi joshi kwa sababu tulilijenga hivyo: bei ya shedi hutajwa kwa mita ya mraba, na ndani ya bei hiyo hamna hata shilingi ya bima, ya kofia ngumu, wala ya siku moja ya kusubiri upepo utulie. Anayeziweka hupoteza kazi kwa asiyeziweka.

Kuna jambo jipya hapa. Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024 zilianza kutumika Machi 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968. Kwa zaidi ya nusu karne tulijenga kwa kanuni zilizoandikwa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Hatua hiyo ni nzuri. Hofu yangu ni kwamba macho yote yataelekezwa kwenye ghorofa, kwa sababu ghorofa ikianguka inaingia kwenye taarifa ya habari. Shedi ya magari inahesabiwa kama kitu cha kupita, kama hema la harusi. Ila hema la harusi hukunjwa Jumapili. Shedi hukaa miaka, juu ya magari na watoto wanaocheza kati ya magari, na ujenzi wake huwa mikononi mwa watu wasioulizwa na yeyote.

Baada ya wiki mbili tulirudi kumaliza kazi. Nakueleza tulivyoifanya mara ya pili, si kwa sababu sisi ni mabingwa, bali kwa sababu haikutugharimu sana kama tulivyodhani.

Kwanza tulikagua nguzo. Mashimo mawili yalikuwa mafupi, tukayachimba upya na kumwaga zege, kisha tukaliacha siku saba kabla ya kulibebesha chochote. Watu wa huku wanajua udongo mweusi wa Kitengela unavyovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua. Nguzo isiyozama kupita tabaka hilo hutikisika yenyewe, hata kabla ya upepo. Shimo la shedi halikazwi tu ili nguzo isizame. Linakazwa pia ili ising'oke, kwa sababu upepo hunyanyua.

Pili, tulipima pembe kwa kamba kutoka kona hadi kona. Kamba mbili zikilingana, fremu iko sawa. Bolti tulizifunga kwa vidole kwanza, tukanyoosha fremu yote, ndipo tukakaza kwa spana. Na hapakuachiwa nguzo wala kenchi bila kamba za kuishikilia pande zote, hata kwa muda wa chai. Kabla ya kusimamisha bomba lolote refu tuliangalia nyaya za umeme ziko wapi. Bomba la mita sita mikononi mwa mtu chini ya waya ni jambo la kuogopwa kuliko upepo.

Tatu, turubai tulilipandisha saa kumi na mbili na nusu asubuhi, upepo ukiwa bado umelala. Aliyetoa amri alikuwa mmoja tu, foromani, naye alisimama chini akiona kila mtu, hakushika kamba. Tulikubaliana neno moja: akisema "achia", kila mtu anaachia, turubai liende likachanike. Turubai hununuliwa. Walio juu ya ngazi walivaa mikanda iliyofungwa kwenye fremu, ngazi zilifungwa, na hakuna aliyeruhusiwa kupita chini. Tulifunga kona nne kwanza, kisha katikati, tukibadilisha upande kwa upande, na hatukuondoka mpaka pindo lote lilipokazwa. Lililolegea hupigapiga mpaka lichanike, na likibonyea hukusanya maji ya mvua. Dimbwi la mita mbili kwa tatu lenye kina cha sentimita kumi ni kilo 600 juu ya paa la gari la mtu.

Saa tatu tulikuwa tumemaliza. Nguvu tulizotumia zilikuwa kidogo kuliko zile za mara ya kwanza, na muda pia. Tulichoongeza ni kuamka mapema na kumsikiliza mtu mmoja.

Kwa hiyo ninasema nini? Kaunti, kuanzia Kajiado hadi Mombasa, Kilifi na Kwale, ziache kuihesabu shedi kubwa kuwa hema. Ombi la kujenga liwe rahisi na la bei nafuu, karatasi moja inayoonyesha kina cha mashimo, aina ya bomba na jina la anayesimamia kazi. Likiwa gumu, watu watajenga usiku kama kawaida. Wakaguzi wa usalama kazini wanajulikana viwandani; waonekane pia kwenye yadi za magari na kwenye ploti zetu.

Wenye ploti na wenye yadi, nanyi mna sehemu yenu. Mombasa ndiyo inayopokea magari ya mitumba ya nchi hii, na yadi zake zimejaa vivuli vya aina hii. Kabla ya kumlipa fundi, muulize mambo matatu: bima ya vijana wako iko wapi, nani atakayetoa amri siku ya kupandisha, na upepo ukivuma utaahirisha? Akisema ataahirisha, usimkatie pesa. Huyo ndiye fundi.

Nasi mafundi tuache kujificha nyuma ya haraka ya tajiri. Mwenye ploti alitaka haraka, ni kweli, lakini hakushika kamba wala hakumwambia mtu ashike. Niliyesema ni mimi.

Kijana yule sasa anatembea kwa magongo. Tumekuwa tukimchangia, na siku niliyokwenda kumwona alitaka kujua kama shedi imesimama. Nikamwambia imesimama. Akaniuliza tuliipandisha saa ngapi. Nilipomtajia, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ingewezekana."