Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Utamaduni Tanzania

Yah: Historia za wilaya na waandishi wasio na ajira

Mheshimiwa Waziri,

Historia za wenyeji kwa Kiswahili zilichapwa pale palipokuwa na wa kuzipokea. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipokea miswada ya aina hiyo, na mwaka 1954 ikatoka historia ya Wagogo ya Mathias Mnyampala. Huyo alikuwa mtumishi wa serikali, mwenye mshahara. Aniceti Kitereza wa Ukerewe hakubahatika hivyo. Mswada wake wa Kikerewe kuhusu Myombekere na Bugonoka, riwaya iliyosheheni mila za kisiwa hicho, ulikamilika mwaka 1945. Ulipochapwa, kwa tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili, ilikuwa 1980. Mwaka uliofuata alifariki.

Siku hizi kazi hii ya kuandika historia za wenyeji huangukia zaidi mstaafu au mhitimu anayesaka ajira. Chukua mfano wa anayetafiti Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia Umatumbi, Kilwa, Julai 1905. Majalada ya Wajerumani yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mengine kwa mwandiko wa mkono ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Masimulizi yako vijijini, Nandete na Ngarambe. Kati ya huku na huko kuna nauli.

Tena mzee hahojiwi kwa siku moja. Siku ya kwanza huishia kwenye salamu na kuulizana koo. Habari za vita huja baadaye, na mgeni haingii mikono mitupu: kilo ya sukari, majani ya chai, mche wa sabuni. Sauti ya saa moja iliyorekodiwa kwenye simu huchukua nusu siku kuiweka kwenye maandishi. Kibarua kikipatikana mjini, daftari hufungwa, kwa kuwa deni la dukani halingoji sura ya tatu. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliokusanya masimulizi hayo mwaka 1968 waliwakuta walioviona vita kwa macho. Sasa wamebaki wajukuu, nao ni wazee.

Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere, iliyoanza na riwaya na ushairi, humpa mshindi wa kwanza shilingi milioni 10, na serikali hugharimia uchapaji. Ni hatua njema, ila ni ya uandishi bunifu, na humfikia aliyekwisha kumaliza. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa hutoa mikopo; mkopo unamfaa mwenye studio, si mwenye kitabu kitakachouzwa wilaya moja. Wakati huohuo mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na mwalimu wa Kilwa anahitaji habari za Kilwa.

Kinachohitajika ni ruzuku ndogo inayotolewa kwa awamu: ya kwanza kwa mpangilio wa sura na sura moja iliyokamilika, zinazofuata kwa kila sura inayowasilishwa. Nakala za sauti zikabidhiwe Nyaraka za Taifa na maktaba ya mkoa, ili mwandishi akikwama mwingine aendelee. Halmashauri nayo iahidi mapema, kwa maandishi, idadi ya nakala itakazonunulia shule zake. Kwa ahadi hiyo mchapaji atakubali kuanza kazi.